Kiti cha Mnyapara

Siku ya kumi na moja Piusi alipalilia maharage ya Mwenyekiti tangu umande mpaka saa saba ya mchana, na hakuna aliyemuuliza kama amekula. Jembe lilikuwa la Mwenyekiti. Mpini ulikuwa umepasuka, ukamfinya kiganja kila aliposhusha mkono. Alipofika mwisho wa tuta alimkuta Mwenyekiti Clemensi amesimama na bakuli la togwa, anakunywa.

"Umebakiza magugu kule kwenye mkonge."

"Nitarudi, Ako." Kwa Wairaqw mzee huitwa hivyo. "Ila kesho ndiyo Ijumaa. Lori la jeshi linakuja Karatu. Barua yangu ya utambulisho uliyoniahidi..."

"Barua, barua." Mwenyekiti alifuta midomo. "Hebu niambie. Jeshini unafuata nini?"

"Kulilinda taifa."

"Hiyo utawaambia wao. Mimi niambie kweli."

Piusi alitazama miguu yake. Kweli ilikuwa hivi. Alizaliwa kambini, kwenye shamba la kahawa huko Oldeani, chumba cha saba katika safu ya mabati. Chumba kilikuwa cha baba yake, Tluway, kwa sababu Tluway alikuwa mpiga dawa. Alipiga dawa kwenye mibuni miaka kumi na minne, kitambaa puani, akaanza kukohoa, akakohoa miaka miwili, akafa masika iliyopita. Chumba hufuata kazi. Mama yake, Evarista, vidole vilikuwa vimekakamaa, hajazi tena hata debe moja kwa siku. Piusi mwenyewe aliomba kazi mara tatu, akaambiwa hawaandiki watu wapya. Mnyapara Raphaeli alishasema mwezi ukiisha anataka ufunguo.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakumwambia mtu. Mwaka ule vita vya Uganda vilipokwisha, Piusi akiwa na miaka kumi na minne, mtoto wa Germana, mama wa chumba cha tatu, alirudi likizo amevaa magwanda. Raphaeli, ambaye hata padre akipita humsalimia akiwa amekaa, aliinuka. Alikisukuma kiti chake kwa Germana akasema, "Karibu, mama. Kaa." Kilikuwa kiti cha kukunja, cha turubai ya kijani. Tangu siku hiyo Piusi alijua anachokitaka.

"Nataka mama asifukuzwe," alisema.

"Sasa hapo umesema." Mwenyekiti alimimina machicha chini, kuku wakaja mbio. "Unaijua shida yako? Kambi si kijiji. Haina mwenyekiti, haina balozi wa nyumba kumi, haina muhuri. Mbele ya serikali wewe huna unakotoka. Nimekuandika kwenye daftari langu kwa huruma tu."

"Ahsante, Ako."

"Cheti chako cha darasa la saba ninacho. Kesho nitakwenda nacho mwenyewe, ninyi vijana mnalowesha karatasi. Wewe njoo uwanjani saa tatu. Haya, malizia kule kwenye mkonge."

Alimaliza.

Asubuhi mama yake alimchemshia maji akamsugua mgongo kwa majani. Sabuni haikuonekana dukani tangu Pasaka. Akamchora msalaba kwenye paji la uso.

"Wakikuuliza, jibu kwa sauti. Usibane midomo."

"Meno, mama."

"Meno kitu gani? Kambi nzima tuna meno hayo hayo. Bunduki haishikwi kwa meno."

Walicheka wote wawili. Maji ya kisima cha kambini ndiyo yaliyowafanya hivyo: kila mtoto aliyekulia pale meno yake ya ukubwani yalitoka ya kahawia. Mgeni akija, walimjua akifungua kinywa.

Uwanja wa Karatu ulikuwa umejaa vijana na vumbi. Sajini alisimama nyuma ya meza, orodha mkononi, kipaza sauti mdomoni.

"Piusi Tluway!"

"Nipo, afande!"

Sauti ilitoka mstari wa mbele. Aliyeinuka alikuwa Eliamini, mdogo wake mke wa Mwenyekiti, aliyekuja kutoka Rombo wakati wa Krismasi. Piusi alikuwa akimwona kila siku barazani anasikiliza redio, yeye akiwa kwenye maharage. Shule aliachia darasa la tano, na alikuwa akilisimulia hilo mwenyewe kwa kicheko. Alikuwa amevaa viatu.

Sajini alikitazama cheti, kisha akamtazama yeye. "Umekulia Oldeani? Hebu cheka."

Eliamini akacheka.

"Mtoto wa Oldeani na meno meupe namna hii! Kwenu mnakunywa nini?"

"Maziwa, afande!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Sajini naye alicheka, akapiga muhuri. Piusi alipenya hadi mezani.

"Afande, Piusi Tluway ni mimi."

"Cheti kiko wapi?"

"Ndicho hicho ulichoshika."

Sajini aligeuka. "Mwenyekiti, huyu unamjua?"

Mwenyekiti Clemensi alikuwa kwenye kivuli cha lori, daftari kwapani. "Huyu ni wa kambini. Kwenye kijiji changu hayumo."

"Ako! Nimekupalilia siku kumi na moja!"

"Umesikia, afande. Ni kibarua wangu."

"Piusi ameshapanda lori," sajini alisema. "Anayefuata!"

Alirudi kwa miguu. Saa kumi alifika chini ya shamba, akakatiza katikati ya mibuni asikutane na mtu. Akasikia vigelegele. Alisogeza tawi. Mbele ya ofisi ya mizani Wilibrodi, dereva wa lori la posho ya unga, alikuwa amezungukwa na wanawake.

"Nimesikia kwa masikio yangu! Nilikuwa napita barabarani, kipaza sauti kikasema Piusi Tluway, kijana akaitika, nipo afande!"

Katikati yao, kwenye kiti cha turubai ya kijani, alikuwa amekaa mama yake. Alikaa ukingoni kabisa, rozari mkononi, kama mtu anayeogopa kukichafua. Raphaeli alikuwa amesimama.

"Mama Piusi, ufunguo kaa nao. Mama wa askari hatumtoi nje. Akishaandika barua tu, utuletee tuiweke ofisini."

"Ataandika, baba," mama yake alisema. "Mwanangu anajua kuandika."

Piusi alichuchumaa. Nyuma yake, safu ya tatu, mpiga dawa alikuwa anashuka na pampu mgongoni, anapuliza kushoto, anapuliza kulia. Ukungu ule mweupe ukatambaa juu ya majani, ukamfikia. Kifua kikaanza kumkereketa. Alivuta shati, akalijaza kinywani, akang'ata, asije akasikika anakohoa.