Maziwa Yasiyokamuliwa

Msusi wa nyumba ya pili alishikilia kwamba amemwona. Eti alikuja kuomba chumvi mchana kweupe, akachungulia jikoni kwa mke wa fundi baiskeli, akamkuta mama mkwe wa mwenye nyumba ameinamia sufuria, anakoroga chai.

"Nikamwamkia, shoga yangu! Shikamoo imeshanitoka ndipo nakumbuka tumemzika."

"Wewe kwa umbea, hata marehemu hawapumziki," mke wa fundi alimjibu akicheka.

Mke wa fundi hakuwa akila kitu cha mnyama: si nyama, si mayai, si asali, si maziwa. Yalianzia bandani kwa mama mkwe, aliyefuga ng'ombe mmoja. Ndama alipokufa, ng'ombe aligoma kutoa maziwa. Mama mkwe akamchuna ndama, akaijaza ngozi majani makavu, akaisimamisha mbele ya yule ng'ombe. Ng'ombe akairamba, akairamba, na maziwa yakashuka. Mkamwana ndiye aliyeshika ndoo. Tangu hapo yakamshinda.

Mama mkwe hakumkaripia, alimcheka tu. "Haya, mwanangu, kula majani. Na chai je? Chai bila maziwa si maji ya kuoshea vyombo?"

"Chai nayo ni majani, mama. Majani, maji, tangawizi, sukari. Hapo hakuna aliyelizwa."

Basi akabaki na chai yake ya rangi, starehe pekee aliyojiachia.

Sasa mama mkwe hayupo, ng'ombe kauzwa, na ndani hamna hata tone la maziwa. Asubuhi iliyofuata maneno ya msusi, alimimina chai vikombe viwili, nyekundu safi. Akageuka kuchukua sukari. Aliporudi, cha mumewe kilikuwa vilevile. Chake kilikuwa cheupe, na utando juu, ule mzito unaokunjamana ukipulizwa.

Akamwaga. Akasuuza kikombe, akamimina tena, safari hii bila kubandua macho. Wekundu ulififia taratibu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kama jicho linaloota mtoto wa jicho. Harufu ya banda ikajaa jikoni.

Fundi akaingia, mikono myeusi kwa grisi, pua juu. "Nani kapika chai ya mama?"

"Sijatia kitu, baba watoto. Haki ya Mungu."

Akakinyakua kikombe, akaonja. Machozi yakamtoka. "Ni yeye. Tangawizi yake hii, ya kuunguza kidogo."

Ikawa hivyo kila asubuhi, kwenye kikombe cha mke peke yake. Fundi alikuwa akikaa karibu kuinusa ile harufu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alianza kupiga miluzi. Mkewe alikuwa akimwaga. Na kila alipomwaga, siku iliyofuata weupe ulipungua na harufu ikawa mbali zaidi, hadi asubuhi moja chai ikageuka kwa shida, wingu jembamba tu.

Fundi alimshika mkono kabla haujafika kwenye ndoo.

"Unamfukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo kakupa wewe, si mimi. Hii ndiyo ya mwisho, naiona. Kunywa, mke wangu. Fundo moja tu, mama asiende."

Utando ule mwembamba ukakunjamana, na hakuna aliyekuwa amepuliza. Mke wa fundi alimtazama mumewe, akakitazama kikombe, na midomo yake ikabaki imefumbwa.