Homa ya Kitanda Kitupu

Nesi alirudi kutoka zamu ya usiku akitaka vitu viwili tu, maji ya moto na kitanda, akakuta sebuleni kwake kuna mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa kompyuta. Ilikuwa imefunguliwa ubavu mmoja, matumbo nje, na mumewe, ambaye kazi yake ni udereva wa malori, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele yake akiipepea kwa sinia. Feni ya chumbani nayo ilishaletwa, inaipulizia kutoka upande wa pili. Kwenye kochi alikuwa amejikunyata binti yao wa mwisho, ambaye tangu azaliwe anaitwa Kitinda na hakuna anayemwita vingine. Macho yalikuwa yamemwiva kwa kulia.

"Imezima tena, mama," alisema.

Nesi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Nyumba nzima ilikuwa ikiishi na jambo hilo wiki yote. Kitinda alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha filamu, na filamu yake ya kumalizia, ya wanawake wanaofua mashuka ya hospitali anakofanya kazi mama yake, ilikuwa tayari kwa kila kitu: picha zimekatwa, sauti imekaa mahali pake. Kilichobaki ni kompyuta kuviunganisha vyote viwe faili moja, kazi inayoifanya peke yake kwa saa tatu bila kupumzika. Ikikatika katikati, inaanza upya. Laptop ya chuoni ilishindwa, ndiyo maana usiku uliopita alikuja nyumbani kwenye kompyuta kubwa. Na chuo kingefunga mlango saa kumi na mbili jioni hiyo hiyo. Atakayechelewa atarudia mwaka, na Kitinda alikuwa ameapa kwamba yeye harudii, bora aache.

Kompyuta ilipowashwa tena, Nesi akaiona ile namba. Juu kwenye kona ya skrini, kwa wekundu wa kutisha: nyuzi 127.

Namba hiyo aliijua, kwa sababu aliyeiweka pale ni yeye. Siku chache kabla, mwenzake wa wodini alimsimulia jinsi kompyuta ya kaka yake ilivyoungua kimya kimya, na kila kilichokuwa ndani kikaenda na moshi. Nesi si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Siku hiyo hiyo alitafuta programu ya kupima joto la ndani ya kompyuta, akaiweka mwenyewe, na kila kisanduku kilichomuuliza swali akakijibu ndiyo. Tangu hapo hakuwa na nafasi hata ya kuitazama.

Mumewe alisema maji yanachemka kwa mia, kwa hiyo kwa joto hilo wangeweza kuweka sufuria juu na kupata chai. Hakuna aliyecheka. Nesi alimwambia aache kupepea, sinia linamwaga vumbi ndani.

"Basi mpigie wifi yako," mumewe alisema.

Hapo ndipo palikuwa na ugumu. Dada wa mumewe alikuwa fundi wa kompyuta, na hiyo iliyolala pale sebuleni aliiunda kwa mikono yake, kifaa kwa kifaa, akamletea kaka yake. Siku kompyuta ilipoletwa, Nesi alisema wazi kwamba ya dukani ingekuwa bora, angalau ina mtu wa kumlalamikia. Neno hilo halikusahaulika. Toka siku hiyo kompyuta ikikohoa tu, limekuwa jambo la ukoo. Mumewe alikuwa na msemo wake kwamba nyumba ile ina wifi aina mbili, moja ya kwenye kijisanduku cha intaneti na nyingine dada yake, na ikikatika yoyote kati ya hizo hapakaliki.

Nesi alimtazama binti yake, akapiga simu.

Fundi alifika na mkoba mzito kuliko yeye mwenyewe. Hakukaribishwa kiti na wala hakukitaka.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Mwanao huyo hapo," Nesi alimjibu. "Ana homa."

"Kwangu alitoka mzima. Mmemlisha nini?"

Alichuchumaa, akaitazama namba nyekundu, akatoa kicheko kifupi cha puani.

"Wifi, umemgusa?"

Swali hilo Nesi ndiye huliuliza. Wodini huwakaripia wanafunzi wa uuguzi wanaoandika namba ya kipimajoto bila kumwekea mtoto mkono. Huwaambia kipimajoto kinaweza kuwa kimekufa, mkono wako haujafa. Na sasa alikuwa amekaa mbele ya mgonjwa asubuhi nzima, macho kwenye namba, bila hata kumshika paji la uso.

Akaingiza mkono pale alipoonyeshwa, akaugusisha mgongo wa mkono kwenye bamba la ndani. Palikuwa na baridi kama kigae cha bafuni. Akagusa pengine, vuguvugu kidogo, basi.

Fundi alimweleza kwamba kitu chenye nyuzi mia na ishirini na saba kingemwachia lengelenge. Halafu akamwonyesha namba nyingine chini yake, ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya diski, jinsi zinavyopanda moja na kushuka moja, hazitulii. Hii nyekundu haikuwa imetikisika tangu alipoingia mlangoni. Hilo Nesi hakuhitaji kufundishwa. Mapigo ya moyo ya mtu aliye hai hayakai kwenye namba moja, yakikaa hapo kuna waya umechomoka.

"Kwa hiyo haiungui?" Kitinda aliuliza.

"Haiungui."

"Sasa inazima kwa nini?"

Fundi alikuna kichwa kwa mpini wa bisibisi. Namba ilikuwa ya uongo, lakini kuzima kulikuwa kwa kweli. Alidhani ni pawa saplai, lile kasha dogo la nyuma linalogawa umeme. Likichoka, kompyuta hukatika bila taarifa. Alikuwa amekuja na jingine mkobani. Akalitoa la zamani, akafunga jipya, akakaza skrubu, kazi ikaanzishwa upya. Wakubwa watatu wakasimama wakiyatazama matumbo ya kompyuta kama watu wanaosubiri maji ya kunywa yatoke bombani. Ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ukatambaa. Mumewe Nesi akaanza kusema kwamba yeye alijua tangu mwanzo ni umeme.

Kompyuta ikazima.

Fundi alibaki ameshika bisibisi. Ilikuwa saa saba imeshapita, na kazi inataka saa tatu, na baada ya hapo faili bado lipelekwe chuoni. Ikivuka saa nane kabla haijaanza, basi tena. Neno kuhusu kompyuta za dukani lilimfika Nesi kwenye ncha ya ulimi, likiwa limeiva kabisa. Akamwona Kitinda amejifunika uso kwa mto wa kochi. Akalirudisha tumboni.

"Ilivyoaga tu nikajua," Kitinda alisema ndani ya mto.

Fundi aligeuka. "Ilivyofanya nini?"

"Ilivyoaga, shangazi. Nyie mnatazama huko ndani, mimi natazama skrini. Inaandika kwamba inajifunga, inazungusha kile kiduara, ndiyo inazima. Kila mara inaaga."

Nesi ndiye aliyeliona kwanza, kwa sababu hayo ameyaona mara nyingi kuliko wote waliokuwa pale.

"Anayezimia haagi," alisema polepole. "Anaanguka tu. Huyu hajazimia, wifi. Huyu ameambiwa akalale."

Fundi aliitupa bisibisi mkobani, akavuta kibodi. Hakufungua tena kasha wala waya. Alifungua ile programu ya Nesi, akaingia kurasa za ndani ambazo Nesi alizipita mbio siku ile, akashuka mpaka chini kabisa, halafu akasoma kwa sauti.

"Kihisi chochote kikivuka nyuzi tisini na kubaki hapo kwa dakika ishirini, zima kompyuta." Akagonga skrini kwa ukucha. "Pembeni kuna alama ya ndiyo. Nani aliweka?"

Mumewe Nesi aliinua macho, akawa anaikagua dari kana kwamba ana mpango wa kuinunua.

"Mimi," Nesi alisema. "Iliniuliza, nikasema ndiyo."

"Na hivi vihisi vyote, hivi vipimajoto vya ndani, nani alivichagua?"

"Mimi. Vyote."

Fundi alichukua tochi ndogo, akamwita asogee. Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu, kwenye bodi, lile bamba kubwa linalobeba vifaa vyote, vipini viwili vyembamba vilivyosimama peke yao. Hapo, alieleza, ni mahali pa kuchomeka kihisi cha ziada kwa anayekitaka. Yeye hakuwahi kuchomeka kitu. Sasa programu ikiulizia joto la pale na hakuna wa kujibu, inaandika namba kubwa kuliko zote inazozijua, ndiyo hiyo mia na ishirini na saba. Ndiyo maana haitikisiki.

"Mbona uliweka alama mpaka kwenye hiki?"

"Wodini huchagui kitanda cha kuangalia," Nesi alijibu, akiwa na ukali kidogo. "Unapita vyote."

"Sawa. Lakini hiki hakina mtu, wifi." Fundi alikuwa anaanza kushindwa kujizuia. "Umepima homa ya kitanda kitupu, halafu ukafunga hospitali nzima."

Aliyeanza kucheka ni Kitinda, kicheko chenye kamasi cha mtu aliyekuwa analia. Mumewe Nesi akafuata, anapiga paja. Nesi alijaribu kukunja uso, uso ukakataa; akacheka mpaka akatafuta mkono wa kochi akakaa, na mabega aliyokuwa ameyabeba juu tangu asubuhi yakashuka yenyewe. Fundi alitaka kuifuta programu yote. Nesi akamwambia thubutu. Prosesa na diski ni wagonjwa halali, wabaki na daktari wao. Kwa mkono wake mwenyewe akaondoa alama kwenye kitanda kitupu, na nyingine kwenye ile amri ya kuzima. Namba nyekundu ikatoweka kwenye kona, kama haijawahi kuwapo.

Kazi ikaanza kukiwa na dakika chache za kupumulia kabla ya saa nane.

Hakuna aliyeondoka. Mstari ulitambaa, ukafika pale ulipokuwa ukikatikia, na Kitinda akashika mkono wa mama yake bila kutazama ameshika nini. Ukapita. Ukapita tena mbele zaidi, ukaendelea, na feni ya ndani ikaongeza mvumo wake, sawasawa, bila kukatika.

"Nalala hapa hapa," Nesi alitangaza. "Ikizima, niamsheni. Ikimaliza, niamsheni. Kingine chochote mniache."

Alilala kwenye kochi na sare yake, viatu miguuni. Hakuota kitu. Katikati ya usingizi alisikia, kwa mbali, mumewe akimwambia dada yake kwamba huyo akilala hivyo ujue dunia imetulia, na dada mtu akicheka, na vikombe vikigongana. Mvumo ulikuwepo wakati wote. Aliusikiliza kama anavyosikiliza pumzi za watoto wodini, akiwa amelala na akiwa macho kwa pamoja, na kila alipousikia alizama tena.

Kilichomwamsha ni kidole cha Kitinda begani.

"Imemaliza."

Faili lilikuwa pale kwenye skrini, zima. Kitinda alilicheza mwanzo, katikati na mwisho kuhakikisha. Nesi akaona kwa sekunde chache mikono ya wanawake wawili ikikunja shuka, pembe kwa pembe, kwa haraka ya watu waliozoeana. Akawatambua kwa mikono tu. Kabla halijapelekwa popote alidai nakala kwenye diski ya pembeni, tena mbili, na hakuna aliyebishana naye. Halafu likaanza kupanda kwenda chuoni. Jua lilikuwa limeshalegea dirishani wakati jibu lilipoingia kwamba kazi imepokelewa. Kitinda alilisoma kimya, akalisoma kwa sauti, kisha akakaa sakafuni palepale na kuegemea kasha la kompyuta kama mtu anayeegemea mgongo wa rafiki yake.

"Leo wifi zote mbili zimefanya kazi," baba yake alisema. Safari hii walicheka wote, na Fundi akamrushia kitambaa cha kufutia vumbi.

Ilipofika saa ya kuaga, Fundi alirudisha ubavu wa kompyuta, akakaza skrubu ya mwisho na kufunga mkoba. Pawa saplai ya zamani aliirudisha ndani, kwa sababu haikuwa na kosa. Nesi alimsindikiza mpaka mlangoni. Kulikuwa na neno alilopaswa kusema, na yeye hana desturi ya kuzungushazungusha maneno.

"Mwanao ni mzima, wifi."

"Nilikwambia. Kwangu alitoka mzima."

"Uliniambia. Na ukaniuliza tumemlisha nini."

Fundi akaondoka anacheka peke yake. Nesi akarudi ndani, akavua viatu hatimaye, akamwagiza mumewe airudishe feni chumbani. Alipopita karibu na kompyuta aliinama, akaiwekea mgongo wa mkono ubavuni. Ilikuwa vuguvugu, kama mtoto aliyetoka kuamka. Akaenda kuoga.