Usiseme Pole

"Usiseme pole," Perelini alimwambia. "Hilo ndilo la kwanza, mzee wangu. Ukikutana na mtu wa familia ile, iwe kanisani, iwe dukani, msalimie upite. Usiseme pole, usiseme samahani, usiseme hata kwamba ilikuwa bahati mbaya."

Punivalu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya bima mjini Apia, mji mkuu wa visiwa vyetu, kofia yake ya ukindu imelala magotini. Mkewe, Fuatai, alikaa kando yake akitazama sakafu. Tangu Ijumaa alikuwa hajala kitu cha kuitwa chakula.

"Sijakuelewa, binti," Punivalu alisema. "Mtu amekufa."

"Najua amekufa. Na najua kwetu mambo yanakwendaje, na mimi nimezaliwa kijijini. Lakini kampuni haikuzaliwa kijijini." Perelini alishusha sauti, maana wenzake walikuwa meza ya pili. "Mkataba wako unasema hivi. Ukikiri kosa kabla hatujamaliza uchunguzi, bima yako imekufa. Hupati gari, na yule mjane hapati hata senti. Na kwenda kuinama chini ya mkeka mbele ya nyumba yao, baba, hiyo ni kukiri mbele ya dunia nzima."

"Na tukinyamaza?"

"Mkinyamaza, unalipwa gari, na kampuni inakaa na mjane kuzungumza fidia yake. Kwa hiyo kama unataka kumsaidia yule mama, funga mdomo." Aligeuza karatasi. "Ulikuwa na nani garini?"

"Na mke wangu."

"Alisema chochote kabla ya kugonga?"

Fuatai alifumbua mdomo. Perelini aliinua kiganja haraka.

"Mama, usinijibu. Swali limeandikwa hapa, lakini mimi sijakuuliza."

Alikuwa msichana mwema, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe mabaya zaidi. Angekuwa na roho mbaya, Punivalu angejua la kufanya. Waliondoka wakiwa na shukrani mdomoni, wakapanda basi kurudi kusini.

Kwetu jambo hili halina maelezo mengi. Mkono wako ukimuua mtu, hata kwa ajali, mkuu wa ukoo wako huwachukua wewe na wenzako kabla jua halijatoka, akawapeleka mbele ya nyumba ya waliofiwa. Mnapiga magoti kwenye changarawe, mnafunikwa mkeka ule mwororo kuliko yote mliyo nayo, ule ambao bibi zenu waliusuka kwa miaka, kisha mnanyamaza. Wafiwa wakitoka na kuuinua, mmesamehewa. Wakitoka na mawe au panga, mmekuja wenyewe, na hakuna wa kumlalamikia.

Ila mkeka una wakati wake. Ukicheleweshwa, watu huanza kuuliza mnahesabu nini.

Punivalu hakuwa mtu wa kukwepa. Kazi yake ilikuwa kubeba magimbi, mashelisheli na nazi za kijiji kizima hadi sokoni mjini, na jioni kurudi na mafuta ya taa, sukari, wagonjwa waliotoka hospitali, na mara moja kitanda cha maharusi kilichofungwa juu chini. Kulikuwa na bibi mmoja, mkulima, ambaye hakuwahi kumlipa nauli, na Punivalu hakuwahi kumdai. Pikapu ile ikilala, magimbi yanaoza shambani, na hilo kila mtu alilijua.

Kosa lake lilianza siku alipoichagua pikapu hiyo. Serikali ilipohamisha magari kutoka upande wa kulia wa barabara kwenda kushoto, ili tuweze kuletewa magari na ndugu zetu walioko New Zealand, yale ya zamani yenye usukani wa kushoto yalishuka bei mpaka ikawa aibu. Shemeji yake aliyeko Auckland alimpigia simu: "Subiri, nakutafutia ya usukani wa kulia." Lakini ya shemeji ilikuwa na ushuru wa bandarini, na kungoja meli, na deni la fadhila ambalo haliishi. Hii ya usukani wa kushoto ilikuwa hapo hapo, injini nzima, bodi haina kutu. Aliizunguka mara kadhaa, akalipiga teke gurudumu kama alivyowaona wanaume wenzake wakifanya, akainunua.

Tatizo ni kwamba dereva wa gari kama hilo, siku hizi, anakaa upande wa majani. Akitaka kupita basi, haoni mbele ila matako ya basi. Nusu ya wanaume wa pwani ile wanaendesha hivyo hivyo, na wote wana dawa moja: aliyekaa pembeni ndiye macho. Fuatai alikaa dirisha la kulia, mkono nje, akichungulia. "Ngoja," angesema. "Ngoja. Haya, pita." Walizoea mpaka wakaona kwamba kila gari limeumbwa kuendeshwa na watu wawili.

Labda ndiyo maana alikata bima kubwa, si ile ya lazima tu ambayo askari anaiulizia. Wenzake sokoni walimcheka hadi wakachoka. "Punivalu, unalipia ajali ambayo haijatokea! Je, jeneza umeshalipia?" Naye alicheka nao. Kila mwaka alibandika stika mpya kwenye kioo, akaipangusa kwa kiganja, akajiona mtu mwangalifu.

Ijumaa ile basi lilikuwa limesimama kushusha abiria. Fuatai alichungulia. Aliangalia magari, kama alivyofanya siku zote, na magari hayakuwepo. Akasema, "Pita." Tanielu, mzee wa kijiji cha pili ng'ambo ya mto, alikuwa amezunguka mbele ya basi ili avuke kwenda kwake.

Sasa pikapu ilikuwa uani kwa polisi, leseni ya Punivalu ikiwa kwenye droo ya huko huko, na kesi ilikuwa inakuja. Na Mjomba Lauvao, mkuu wa ukoo, alikuwa amekaa ndani ya nyumba yao akiwangoja waliposhuka kwenye basi.

"Mkeka umekunjuliwa tangu Jumamosi," mzee alisema, hata hawajaketi. "Nimeuanika, nimeukunja, nimeuanika tena. Unangojea nini?"

Punivalu alimweleza yote: mkataba, uchunguzi, fidia ya mjane. Alieleza vizuri, taratibu, kama alivyoelezwa. Mjomba alisikiliza akijipepea.

"Kwa hiyo karatasi imekukataza kupiga magoti."

"Si hivyo, mjomba. Nikienda, yule mjane, Sinapati, hapati kitu. Mume amekufa, na kilicho chake kinakufa pia. Nitakuwa nimemwibia mara mbili. Na sisi tutabebea nini magimbi, mgongoni?"

"Tulibeba mgongoni kabla hujazaliwa."

"Mjini, mjomba? Kwa miguu?"

Mzee aliacha kujipepea. Kisha alisema, "Vijana wa Tanielu wanakaa darajani na mapanga. Mimi nikienda kuoga mtoni nawaona. Sasa hao watu wa bima watakuja kulala hapa na wewe?"

"Watanilipa gari."

"Haya. Basi utakuwa na gari." Aliinuka kwa shida, akaupanga mkeka vizuri kwenye kona, akaenda zake bila kuaga.

Punivalu aliona uchungu na hasira kwa pamoja. Alikuwa na haki, ndivyo alivyojiona. Kila alivyolipima jambo lile alijikuta na haki, kisha akaanza kulipima upya. Aliwaza Sinapati akilipwa. Aliwaza yeye mwenyewe akimpita kanisani, akisema habari za asubuhi.

Ilipopigwa kengele ya sala ya jioni, Fuatai hakuinamisha kichwa. Alikuwa amekaa akiutazama mkeka pale kwenye kona.

"Kesho nakwenda," alisema sala ilipokwisha.

"Wapi?"

"Unajua wapi."

"Mke wangu, usifanye hivyo. Watauliza kwa nini umekuja wewe."

"Nitawaambia."

"Ukiwaambia, bima imekufa."

"Ife!" Sauti yake ilipasuka, na mara ya kwanza tangu Ijumaa alilia. "Ife, wewe! Ungekuwa na macho yako ungeangalia mwenyewe. Macho yako ni mimi. Mimi ndiye niliyesema pita. Unanyamazia kosa ambalo si lako, unaniambia ni kwa faida ya mjane. Mimi nitamtazama vipi yule mama? Nitamsalimia, nipite?"

Punivalu alitaka kumwambia kwamba dereva ni yeye, mguu uliokanyaga mafuta ni wake, lakini aliona kwamba maneno hayo, kama ni ya kusemwa, hayakuwa ya kusemwa humo ndani. Akatoka kwenda kumwita mjomba wake.

Walivuka daraja giza halijaisha. Mjomba Lauvao mbele, mkeka begani, nyuma yake Punivalu na Fuatai, na nyuma yao binamu wawili ambao hawakupenda kuja lakini walikuja. Vijana wa darajani walisimama. Mmoja, mpwa wa Tanielu aitwaye Semisi, alikuwa na panga refu la kukatia minazi. Alitembea kando yao, hatua kwa hatua, mpaka uani.

Walipiga magoti mbele ya nyumba. Changarawe ilikuwa ya baridi na yenye ncha. Mjomba aliwatandikia mkeka juu ya vichwa, kisha yeye mwenyewe, na uzee wake wote, akaingia chini yake. Ndani ya mkeka kulikuwa na harufu ya kabati la zamani na ya jasho lao. Punivalu alisikia pumzi za Fuatai, na viatu vya Semisi vikizunguka, vikisimama, vikizunguka tena.

Muda ulipita. Jogoo waliwika, wakanyamaza. Ndani ya nyumba pazia za makuti zilipandishwa moja moja, na nyayo zikashuka ngazi za mawe. Ukingo wa mkeka uliinuka kidogo upande wa Punivalu, si kwa kuwafunua, kwa kuwachungulia tu. Aliona pindo la gauni jeusi na mkono wa mwanamke.

"Ni wewe," Sinapati alisema.

"Ni mimi, mama."

"Jumamosi niliamka alfajiri nikafagia hapa. Jumapili nikafagia. Kila alfajiri nimefagia, nimepandisha pazia, nimekaa. Shangazi zangu wananiambia lala, hawaji hao. Nikasema watakuja." Hakuwa anapiga kelele. "Jana walikuja watu wawili wa bima. Wamevaa vizuri. Wakaniuliza kama Tanielu alikuwa anaona vizuri. Wakaniuliza kama alikuwa na tabia ya kuvuka bila kutazama."

Perelini hakumwambia Punivalu hilo. Au labda alimwambia, kwa maneno ya karatasi, naye hakutaka kulisikia.

"Macho yake hayakuwa na kosa," alisema. "Kosa ni letu. Mimi niliendesha bila kuona."

"Na mimi ndiye niliyemwambia apite," Fuatai alisema, kwa sauti iliyosikika uani kote. "Niliangalia magari. Sikuangalia watu. Nisamehe, mama, au usinisamehe, lakini usije ukaambiwa kwamba ni mume wangu."

Viatu vya Semisi vilisogea karibu. "Shangazi," alisema, "toka hapo."

"Ngoja wewe." Sinapati hakugeuka. Alimuuliza Punivalu kwa sauti ya chini, kama anayeuliza mambo ya nyumbani: "Ulikuwa naye pale chini?"

"Nilimshika kichwa mpaka gari la wagonjwa lilipokuja."

"Alisema kitu?"

Hilo Punivalu hakuwa amemwambia mtu yeyote, si polisi, si bima, si mkewe.

"Aliuliza ndala yake iko wapi. Moja ilikuwa imeruka. Akasema nimtafutie, hawezi kufika nyumbani na mguu mtupu. Nikaitafuta. Nikaiona chini ya basi, nikarudi, nikamvalisha. Nikamwambia, tayari, baba. Akasema asante."

Vidole vya Sinapati vilisogea kwenye ukingo.

"Mguu upi?"

"Wa kulia."

"Ndio uliokuwa unamsumbua," Sinapati alisema. "Ulikuwa na kidonda. Mtu akimvalisha vibaya anapiga kelele."

"Hakupiga kelele."

Punivalu alingoja ukingo uinuke, ama ushuke. Alisikia magoti ya Sinapati yakilia alipokuwa anachuchumaa, kisha changarawe ikisagika chini ya uzito wake, na akajua kwamba amekaa chini, pale pale, mbele yao. Semisi alimwita tena, na hakuitika. Jua lilikuwa limefika uani, likipenya katika nyuzi za mkeka, na katika mwanga huo Punivalu aliuona mkono wa yule mama umeushika ukingo, vidole vimekunjika juu ya ukindu, hauuinui, hauuachii.