Namba Arobaini na Moja

Neno lenyewe lilikuwa moja tu, neno ambalo mtoto wa chekechea analitamka huku anatafuna: nipo. Na neno hilo lilikuwa limemshinda siku tisa mfululizo, msichana wa miaka kumi na sita mwenye akili zake timamu na alama nzuri za hesabu. Leo ilikuwa siku ya kumi.

Usicheke kwanza. Mwalimu wa darasa lao, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Rula kwa jinsi alivyonyooka na alivyotaka kila kitu kinyooke, hakuwa mtu wa kuinua macho. Asubuhi alifungua daftari la mahudhurio, akaita namba, mtu akaitika, akatia alama ya vema. Asiyeitika alipigwa mkasi, alama ya X, kwa wino mwekundu. Mikasi kumi bila ruhusa, jina linafutwa kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Tangazo lilibandikwa mlangoni, na halikuwa na mjadala.

Muhula uliopita jirani yake wa dawati ndiye aliyekuwa akimwitikia, kwa kasauti kembamba ka kuigiza, na mambo yakaenda. Kisha jirani akahamishwa shule. Wiki hiyohiyo Rula akagundua kwamba kuna watoro wanaitikiwa na wenzao huku wenyewe wamelala kwao. Akapiga marufuku: atakayefungua mdomo kwa ajili ya mwingine, wote wawili nje. Tangu hapo darasa zima likawa linamwona namba arobaini na moja amekaa kitini pake, linamsikia Rula akisema "hayupo", na linainamisha vichwa. Walikuwa wakimwita Bubu. Haya, kwa hili nani hakuwa bubu pale?

Hofu yake ilikuwa na ratiba. Rula akifika thelathini, vidole vinaanza kupoa. Thelathini na tano, koo linajifunga kama mfuko uliovutwa kamba. Akifika arobaini, msichana hasikii tena kitu ila moyo wake. Alijua kitakachotokea akisema: sauti itatoka imepasuka, vichwa arobaini na viwili vitageuka, kitazuka kicheko, na kicheko hicho atazeeka nacho. Kwa hiyo alinyamaza, na kunyamaza ndiko kulikomponza.

Barua ya utoro ilipofika nyumbani, mama yake, fundi cherehani, alisimamisha mashine katikati ya mshono. Akamuuliza anakwenda wapi. Kila siku nakupigia pasi sare, nakuona unatoka na mkoba, sasa unakwenda wapi? Msichana alitaka kusema anakwenda shule, machozi yakatangulia, na mama akayachukua machozi kuwa ndiyo ushahidi. Akamwambia mficha uchi hazai, kama kuna mtu huko njiani amtaje. Hakukuwa na mtu. Tangu siku hiyo mama alipiga pasi kimyakimya, na kimya cha mama kilimuuma binti kuliko kofi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeelewa, naye ni mwalimu wa ushauri, waliyemwita Mama Polepole kwa sababu ndilo neno lake. Shule haikuwa imempa ofisi. Alikaa nao ghalani kwa vifaa vya michezo, wanafunzi wanne kila Jumatano, katikati ya nyavu na mipira iliyoishiwa upepo. Kila mmoja alikuwa na ngazi yake, imechorwa kwenye kipande cha boksi, na kila kidato kilikuwa jambo moja la kuogopesha. Msichana alipanda chake cha kwanza kwa kuuambia ukuta "nipo". Kisha akamwambia Mama Polepole, kisha wenzake watatu huku mmoja akijifanya Rula. Pale ghalani sauti ilitoka, tena wakampigia makofi.

Kilichomshinda ni kidato cha tano cha ngazi hiyo. Pale unatakiwa uangushe kitu kwa makusudi mbele za watu, kilie hasa, watu wakutazame, nawe usikimbie, ukae uone kitatokea nini. Mwenzake mmoja aliangusha sinia la bati wakati wa chakula. Watu waligeuka, mpishi akanung'unika, wakaendelea kula. Msichana alisema hicho hakipandi, hata kwa bakora.

Mama Polepole alikwenda kwa Rula kumwombea, akaenda na kwa mkuu wa shule. Wote walijibu kwamba daftari ni daftari, aliyepo huitika. Alirudi akamweleza yote bila kumficha, kisha akamshika mkono.

"Usisubiri hofu iondoke ndipo useme, mwanangu. Haiondoki. Sema nayo ikiwa imekukalia hapohapo kifuani."

Siku ya kumi alikuja na mpango. Namba arobaini zinamtangulia, basi ni pumzi arobaini, moja kwa kila namba. Aliweka mkebe wake wa vifaa vya hesabu ukingoni mwa dawati ili mikono ipate nafasi, akafumba macho. Rula akafungua daftari, akakohoa. Akasema watu wa mwisho wamezoea kusinzia wakingoja zamu, kwa hiyo leo anaanzia chini.

"Arobaini na tatu." Nipo. "Arobaini na mbili." Nipo.

Maskini, hata pumzi ya tatu hakuwa ameivuta.

"Arobaini na moja."

Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Kilikuwa kimya kilekile cha siku zote, ila leo kilikuwa na meno. Rula akasema hayupo, akapapasa mfuko wa shati kutafuta kalamu nyekundu. Msichana aliiona ikitoka. Akamwona akilini mama yake akikunja sare asiyoihitaji mtu. Sauti haikuwapo, lakini mkono ulikuwapo. Akausukuma mkebe.

Ulianguka kwa kishindo kikubwa. Bikari, penseli na vipimapembe vilitawanyika hadi chini ya ubao. Vichwa arobaini na viwili viligeuka, mtu wa nyuma akacheka, na kwa mara ya kwanza muhula ule Rula aliinua macho. Msichana hakukimbia. Kilichokuwa kibaya kuliko vyote kilikwisha kutokea, naye bado yumo ndani yake, anapumua.

"Nipo," akasema. Sauti ilipasuka vilevile alivyoogopa.

Rula alimtazama, akatazama daftari, akapitisha kidole kwenye ile mikasi tisa.

"Na siku hizi zote ulikuwa wapi?"

Lilikuwa swali lilelile la mama. Koo lilianza tena kujifunga, akasema hivyohivyo likiwa linajifunga.

"Hapa hapa, mwalimu."

Rula akaligeukia darasa na kuuliza kama ni kweli. Hakuna aliyejibu, maana marufuku ni marufuku. Kisha yule wa nyuma aliyecheka akasimama polepole, akasema ni kweli, na mwingine akasimama, na mwingine, hadi Rula akabaki ameshika kalamu nyekundu asijue aiweke wapi.