Shimo la Geji Moja

Isaiah fundi alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akishika gari la turbo, hawezi kunyamaza. Siku hiyo, gereji yake ya nyuma ya soko la Kakamega ikinuka rangi mbichi, alimketisha Pascalia kwenye kiti cha dereva cha Forester ya marehemu mumewe, akamwonyesha kikombe cha plastiki kilichobanwa kando ya kioo cha mbele. Kilikuwa na shimo moja.

"Mama Mitchel, hapa inaingia geji moja peke yake. Ukiniuliza, weka ya presha ya oili. Turbo bila oili inaungua, na injini inafuata. Presha ikianguka, uko na dakika moja ya kuzima. Ya joto tutaitafutia mahali siku ingine. Lakini hii..." Akainua geji ambayo Pascalia alikuja nayo kwenye mfuko, kioo chake kimechubuka. "Hii ni ya kujionyesha. Inakuonyeshanga tu vile injini inavuta hewa na vile turbo inasukuma."

Pascalia aliijua. George, mumewe, alikuwa mtu wa kujionyesha, na akijionyesha alipendeza, sasa utamfanya nini? Mwezi wa tatu, kwenye kona ya kabla ya Mukumu, injini ilikwama gari likiwa mbio, na George akaingia kwenye miti. Isaiah alipoifungua alikuta beringi zimeungua kabisa. Oili ilikuwa imeishiwa presha, na mwenye gari alikuwa akiangalia mshale mwingine.

"Weka hiyo yake," Pascalia alisema.

"Na ni wewe utakuwa ukibeba mtoto."

"Weka, Isaiah."

Aliweka. Alinung'unika hadi skrubu ya mwisho, lakini aliweka, akaiunganisha kwa mpira mwembamba na injini nyingine aliyokuwa amefunga. Akamweleza, mara mbili, kwamba ukizima injini mshale hurudi kwenye sifuri na kulala hapo.

Kulikuwa na jambo ambalo Pascalia hakumwambia. Kwa kina George, mtu akifia barabarani huitwa palepale alipoangukia. Mkewe ndiye humwita kwa jina, kisha hurudi naye nyumbani kimya, bila kusema neno wala kugeuka nyuma, mpaka kaburini. Pascalia alikataa. Alisema yeye ameokoka. Shemeji yake Phanuel akaenda peke yake, akaita, akarudi uso umemshuka. "Nimeita, shemeji," alisema. "Sijui kama amesikia sauti yangu." Pascalia akamjibu kwamba George yuko kwa Bwana. Ukweli ni kwamba wokovu haukuhusika sana. Alikuwa na hasira. Mwanamume amejiua kwa upuuzi, ameacha mke na mtoto wa miaka sita, halafu aende kubembelezwa kandokando ya lami?

Jumamosi ya kwanza baada ya gari kurudi, alilizima uani, akabaki ameketi, ufunguo mkononi. Mshale ulikuwa ukicheza. Ulishuka kidogo chini ya sifuri, ukatua, ukapanda, ukatua. Pascalia alikuwa muuguzi kwenye zahanati mjini, na kuhesabu pumzi za watu ndiyo kazi yake. Akatazama saa, akahesabu. Kumi na nne kwa dakika. Hiyo ni pumzi ya mtu mzima aliyelala usingizi mzuri.

Usidhani aliogopa. Alifurahi mpaka akaona haya. Tangu siku hiyo, kila jioni, ugali ukisubiri, alikwenda kuketi garini na kikombe cha chai, akamsimulia George mambo ya zahanati, mshale ukipanda na kushuka. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, mchungaji?

Wiki ya tatu, Mitchel alianza kuchoka. Mwalimu alisema mtoto analala darasani. Pascalia alimpima kifua kwa mikono yake, akampeleka pia hospitalini apigwe picha. Kifua kilikuwa safi. Ila pumzi zilikuwa nyembamba, kama za mtu anayepumua kupitia tundu la ufunguo.

Alijua siku ya Alhamisi. Mitchel alisinzia kwenye kiti cha mbele, gari limezimwa, na Pascalia akainua macho kutoka kifuani mwa mtoto hadi kwenye mshale. Kifua kiliposhuka, mshale ulipanda. Kifua kilipoinuka, mshale ulishuka. Mshale sasa ulikuwa ukipanda juu zaidi kuliko wiki ya kwanza, juu sana, kwa nguvu. Kifua kilikuwa kikiinuka kwa shida. Alikuwa ameketi pale jioni zote hizo, akifurahia, na kilichokuwa kikimfurahisha kilikuwa kikitoka kwa mwanawe.

Alimbeba mtoto hadi ndani ya nyumba. Pumzi hazikubadilika. Asubuhi akampakia garini, akaenda gereji.

"Ng'oa," alimwambia Isaiah, akamweleza yote, kila kitu, hata chai.

Isaiah hakucheka. Alifungua boneti, akaufuata ule mpira mwembamba kwa kidole, akaubana kidogo tu, kwa kidole gumba na cha shahada. Kwenye kiti, Mitchel alifungua mdomo na hewa haikuingia. Macho yakamtoka. Isaiah akauachia mpira kana kwamba umemchoma, na mtoto akakohoa, akalia.

"Mimi siguzi hii kitu tena," Isaiah alisema. "Mama Mitchel, hii si ya spana. Pigia watu wa bwana yako simu."

Phanuel hakumkaripia. Laiti angemkaripia. "Shemeji, chukua mtoto muende kwa kona saa hii," alisema kwenye simu. "Hana ubaya na mtoto, ni vile tu hana mahali pengine pa kushika. Mwite. Mwambie mnaenda nyumbani. Halafu funga mdomo mpaka kaburi. Usiangalie nyuma, hata usikie nini."

Kwenye kona jua lilikuwa kali, na wanafunzi wa mission walikuwa wakipita wakila miwa. Miti ilikuwa bado na makovu. Pascalia alizima injini, akageuza kioo cha katikati kitazame juu, akafungua mlango wa nyuma. Mdomo ulikataa kwanza. Miezi mitano hakuwa amelitamka jina hilo bila hasira, na garini jioni zile hakulitamka kabisa.

"George," alisema. "Twende nyumbani."

Gari liliinama nyuma upande wa kushoto, kama mtu mzito anapoketi. Alifunga mlango akiwa anatazama lami. Aliporudi kwenye usukani, mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri, na Mitchel alikuwa akipumua kwa upana, mashavu yamepata damu.

Walikuwa wamepita Khayega, wameingia njia ya murram isiyo na lami, mtoto alipogeuka kwenye kiti chake. Yeye hakuwa amekatazwa kuangalia nyuma.

"Mama, Baba anasema zima gari. Anasema oili inamwagika."

Pascalia alitazama geji. Injini ilikuwa ikivuta vizuri, mshale uko mahali pake, unapendeza, kama ulivyopendeza siku ile ulipomuua mwenye gari. Taa ya oili ya dashibodi ilikuwa imekufa tangu ajali. Hakuwa na njia ya kujua. Na je, kama ni mtego wa kumbakisha naye barabarani milele? Hakuweza kumuuliza. Hakuweza kumuuliza chochote, na alikuwa na mengi.

Aligeuza ufunguo. Injini ikanyamaza, gari likajiburura hadi kando. Akamfunga Mitchel mgongoni kwa leso, mtoto mkubwa vile, akaanza kutembea kilomita mbili zilizobaki. Mlango wa nyuma ulifunguka na kufungika. Viatu vya mwanamume vikamfuata, si karibu, si mbali.

Karibu na kisima alikutana na jirani yake Dinah, anatoka kununua mboga.

"Mulembe, mama Mitchel."

Pascalia alipita bila kujibu, na moyo ukamuuma, maana Dinah ni mtu mzuri. Nyuma yake akamsikia Dinah akisalimu tena, kwa sauti ya heshima anayosalimiwa nayo mwanamume. "Mulembe..." Salamu ya pili haikumalizika. Mboga zilianguka chini.

Kesho yake Isaiah angelala chini ya gari na kukuta paipu ya oili inayokwenda kwenye turbo imepasuka, tangi la oili karibu tupu, na injini ikiwa bado salama. Angeing'oa geji ya George na kuweka ya presha ya oili bila kuuliza mtu. Lakini siku hiyo Pascalia hakujua lolote kati ya hayo. Alijua tu uzito wa mtoto na sauti ya viatu.

Alisimama mbele ya kaburi, nyuma ya jikoni, udongo wake bado mwekundu.

"Umefika," alisema. Kisha, kwa kuwa sasa aliruhusiwa kusema, akasema. "Nilikuacha kule kwa sababu nilikukasirikia. Bado nimekasirika. Lala."

Viatu vilipita kando yake, karibu hata akasikia harufu ya sabuni aliyokuwa akimfulia. Vikakoma. Alingoja, akangoja tena, akitamani hata hatua moja zaidi. Hakukuwa na hatua nyingine. Mitchel akavuta pumzi ndefu mgongoni mwake, akasema ana njaa.

Pascalia akaingia jikoni, akawasha moto, akapima unga. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, alisonga obusuma wa watu wawili, si watatu.