Vendelín Aamua Kufa

Vendelín aliamka na jambo moja tu moyoni: leo lazima afe, tena afe mikononi mwa bintiye Radka, mbele ya watu.

Haikuwa kazi ndogo. Katika maonyesho yote ya historia, watu walipoigiza vita vya kale pale uwandani nyuma ya ngome, hakuna aliyewahi kumwona akianguka. Warumi walikufa asubuhi, askari wa Napoleoni walikufa mchana, wenye vifaru walikufa jioni, kisha maiti wote hao wakapanga foleni moja ya soseji na bia. Vendelín, wa kundi la waasi wa Kicheki wa karne ya kumi na tano, hakufa. Sheria ni kwamba ukiguswa kifuani na upanga butu unaanguka mwenyewe. Mwamuzi hakuna, ni uungwana wako tu. Yeye akiguswa hupaza sauti, "Ngao!", maana yake umepiga ngao yangu, na kuendelea kupigana. Ulikuwa uongo mtupu, na kila mtu aliujua.

Mwaka jana Radka alipangwa upande wa maadui, akampata baba yake barabara. "Ngao!" akasema mzee. Watazamaji wakamcheka msichana. Radka alitupa upanga chini, akahamia moja kwa moja kwa maadui, kundi la wapiganaji wa msalaba kutoka Brno, na tangu hapo hakukanyaga kwa baba yake. Hata samaki wa Krismasi, mlo wa familia nzima, Vendelín alimla peke yake, na hakuona utamu wake.

"Mzee Ngao!" Hynek, sahibu yake, alimtania walipokuwa wakifunga mikanda ya deraya. "Leo utakufa, au tukusubiri kiama?"

"Leo nakufa."

"Wee! Unaumwa?"

"Nakufa kwa Radka. Wewe nizuilie hao wengine, wasije wakaniwahi."

Hynek aliacha kucheka. "Haya. Ila ujue mtoto kakuchoka."

"Najua. Ndiyo maana naenda mimi."

Kipaza sauti kikatangaza karne yao, pembe ikalia. Vendelín akaikata safu ya maadui kichwa chini, Hynek ubavuni kwake. Jamaa mmoja mrefu alipomnyanyulia upanga, Hynek akajitia katikati, akalipokea pigo, akafa kwa mbwembwe huku akimtukana rafiki yake kwa mapenzi.

Radka alikuwa mwisho wa safu, msuko wake ukining'inia chini ya kofia ya chuma.

"Kapigane na wengine," alisema. "Wewe hufi, utanipotezea muda."

"Nipige."

Radka akapunga upanga kivivu, ili mradi tu. Ulipita mbali na kifua. Vendelín akajibwaga kwenye tope, pwaa!

"Inuka!" Radka alifoka. "Sijakugusa!"

"Nimekufa."

"Hujafa, mwongo wewe! Mwaka jana nimekuua ukakataa, leo sijakuua unakufa. Unanipa sadaka? Inuka upigane, baba!"

Uso ulimwaka Vendelín ndani ya kofia. Alidhani ameleta zawadi, kumbe ameleta tusi jingine. Binti hakutaka baba aanguke. Alitaka pigo lake lihesabiwe.

Basi akainuka, akapigana. Hakumwonea huruma hata chembe. Alimsukuma nyuma, akamgonga ngao mpaka mkono wake mwenyewe ukafa ganzi, na mara mbili Radka aliteleza nusura aanguke. Mara ya tatu hakuteleza. Aliinama, akapita chini ya ngao ya baba yake, na upanga ukamfikia kifuani, pigo ambalo mbavu zake zilililia.

Neno lile la mazoea lilimjia mdomoni. Akalimeza.

"Umenipata!" alipaza sauti, watazamaji wa mbele wakageuka. Akaanguka chali. "Umenipata, Radka! Na mwaka jana pia ulinipata!"

Radka alisimama akihema. Akashusha upanga.

"Maiti haongei, baba," alisema hatimaye.

Wapiganaji walikuwa wakirudi nyuma mbio, mabuti yao yakikanyaga popote. Radka akapanua miguu juu ya baba yake wasije wakamkanyaga, akawa anawasukuma kando mmoja mmoja, wa kwake na wa adui, hadi pembe ilipolia tena kumaliza vita.