Jina Lililotangulia Maji

Kidole gumba kilibonyeza, maneno yakaenda, nami nikapiga kelele ya ushindi iliyomshtua mtoto kifuani.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa jikoni, uji umeganda sufuriani. Nilikuwa nimemjibu Sturla, mwanafunzi wa theolojia wa Reykjavík, ambaye kwa wiki sita nilikuwa nimekamatana naye mashati katika kundi la mtandaoni la mijadala ya dini, watu elfu tatu wakitutazama. Mioyo myekundu ikaanza kumiminika chini ya maneno yangu. Kumi. Ishirini na miwili. Kisha mtu mmoja akaandika: "Dada, hongera kwa jina zuri!"

Jina gani?

Nikasoma tena nilichoandika. "Basi niambie, Sturla: nisipompeleka Svanlaug wangu kwenye maji, Mungu atashindwa kumjua?"

Nilikuwa nimelitaja jina la mtoto.

Kwetu Aisilandi, mtoto hutajwa jina siku ya ubatizo. Wazazi wanalijua, lakini wanalifungia mdomoni. Hata bibi mzaa mama haambiwi, aombe, abembeleze, anune. Mpaka asubuhi ile binti yangu alikuwa anaitwa Kibonge tu. Na jina lililonitoka halikuwa jina la hivi hivi. Svanlaug alikuwa mama mkwe wangu. Tulimzika mwaka uliotangulia, na tangu hapo Ketill, mumewe, hakuwahi kulitamka jina hilo mbele yetu. Tulikuwa tumemwekea liwe zawadi. Mimi nilikuwa nimeifungua mbele ya umati.

Sasa binti yangu ana miaka minne, na nikikumbuka siku zile bado mwili unanisisimka. Niliingia kwenye kundi lile kwa hasira. Nilikuwa likizo ya uzazi, mtoto ananyonya saa nzima, simu mkononi, na Sturla alikuwa ameandika kwamba mama anayechelewesha ubatizo anacheza na roho ya mwanawe. Mimi nilikuwa Mlutheri wa Krismasi na mazishi. Nilisali sala ya jioni aliyonifundisha mama yangu kama ninavyopiga mswaki. Lakini nilikuwa nimemaliza miaka miwili ya masomo ya jioni baada ya zamu za kiwanda cha samaki, na mwalimu wetu wa falsafa alinifundisha kuikamata hoja mkia. Nikamjibu. Watu wakacheka, wakanisifu. Loo! Nani aliwahi kunisifu hivyo nikiwa na aproni ya plastiki na magamba mpaka kwenye nyusi?

Nikanogewa. Niliandika nisiyoyaamini ili nimshinde, na baada ya siku mbili tatu nikayakuta yamehamia ndani yangu, yamevua viatu, yamekaa. Niliandika kwamba sala ni mtu kuzungumza na dari. Nilipoinama juu ya kitanda cha mtoto nisali, nikaisikia sentensi yangu mwenyewe. Nikatazama dari. Nikazima taa bila kusali.

"Hatumbatizi," nilimwambia mume wangu, Bárður, wiki ya tatu.

"Umeamua wewe, au limeamua kundi?"

"Mimi."

"Haya. Basi baba utamwambia wewe. Mimi mdomo wangu uko likizo."

Sikumwambia. Nilikuwa nangoja nipate hoja nzuri.

Asubuhi ile nilifuta maneno, lakini mji wetu, Ísafjörður, ni mdogo. Ukipiga chafya bandarini, juu ya mlima wanakuombea afya. Haikupita nusu saa, jina geni likatokea kwenye mjadala, picha yake injini ya mashua. "Svanlaug ni jina la mke wangu." Basi, hayo tu. Ketill. Sikujua hata kama yumo. Watu elfu tatu, wote wapenda maneno, na hakuna aliyeandika kitu chini yake. Hata Sturla.

Kisha nikasikia gari lake nje. Aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akavua viatu.

"Eydís wangu, kahawa ipo?"

"Ketill, nisamehe, mimi..."

"Nimeuliza kahawa."

Nikammiminia. Akanywa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yanang'aa, kama ya mtu aliyetoka kwenye upepo.

"Nimekusoma tangu mwanzo," alisema. "Kule karakana tunakusoma kwa sauti saa ya mapumziko. Yule kijana umemchakaza! Juzi nilipiga meza mpaka spana zikaruka." Akacheka, kisha akaacha. "Ila nina swali. Unayaamini, au unashinda tu?"

Watu elfu tatu, wiki sita, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikaitafuta hoja, nikapapasa kichwa, nikapapasa mkia. Haikuwepo.

"Nilianza kwa kushinda," nikasema. "Sasa sijui."

"Afadhali wewe umeanza na kitu. Mimi tangu nimzike Svanlaug sijui chochote. Naenda kanisani, nakaa, natoka." Alilitamka hilo jina polepole, kama mtu anayekanyaga barafu ya kwanza ya msimu. "Leo nimeliona kwenye simu. Limeandikwa na mtu mwenye hasira kweli, anauliza kama Mungu atashindwa kumjua. Nikaegesha gari. Nikasema kwa sauti, peke yangu: hawezi kushindwa. Sasa sijui nilikuwa nakujibu wewe au namwambia nani."

Nikamtazama mtoto. Sentensi ile niliitunga ili kumwangusha Sturla. Katika yote niliyoandika, ilikuwa ya kwanza niliyoiamini: yupo anayemjua.

"Mshike," nikamwambia Ketill, nikampa mtoto, nikaenda dirishani nipumue.

Bárður aliporudi kutoka kazini nilimwambia ampigie mchungaji simu, tumbatize mtoto.

"Kundi limebadili mawazo?"

"Nyamaza, piga simu."

Tulimbatiza sebuleni baada ya wiki mbili, maji ya uvuguvugu kwenye bakuli la kioo, keki tatu mezani, shangazi wote wamebanana kwenye sofa. Kila mtu pale alikuwa amelisoma jina. Mji mzima ulikuwa umelisoma. Mchungaji Álfrún, ambaye naye alikuwa amelisoma, akanigeukia na uso mtulivu kabisa.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Mtu kwenye sofa alizuia pumzi.

"Svanlaug."

"Weee!" wakapasuka shangazi. "Jamani, Svanlaug!" Mmoja alishika kifua, mwingine akampiga mwenzake paja, wakiapa kwamba hawakuwaza hata kidogo. Waongo wakubwa, wenye machozi ya kweli. Ketill alikuwa amesimama kando ya bakuli, midomo inamcheza.

Na mimi, niliyelichagua jina hilo na kulimwaga kwa kidole changu mwenyewe, nilishangaa pamoja nao.